Uliza Kabla Hujang'oa Kijiti

Chanika,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kwa mume wangu mdogo, Brightson,

Zipokee salamu za nyumba nzima hata kama hukuziomba. Sisi tupo. Babu yako yupo, ila mguu wake unamgomea kila asubuhi mpaka jua likolee. Baba yako tunamwona Jumamosi akitoka Keko, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mama yako hajambo. Kuku wangu mwekundu ameatamia. Nurdin jirani, Mmakonde yule asiyepita mlangoni bila kuuliza kumepikwa nini, anakusalimia na anasema usilete majibu ya mtihani ya kututia aibu.

Shule yako haitaki simu, kwa hiyo nakuandikia. Naandika kwa mkono wangu, simwiti mtu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alinifundisha herufi zote, na ukiona moja imelala ujue ni kalamu, siyo mimi.

Sasa nisikilize. Ule mchezo wenu wa Mlima wa Majoka, uliouchora wewe na baba yako akauchonga, uliuacha juu ya kabati langu ukaenda zako kidato cha tano. Ungeondoka nao. Umeleta vita nyumbani kwangu.

Ilianza hivi. Babu yako kwa kukaa tu alianza kucheza na Nurdin. Nurdin akakimbia, maana babu yako akishinda haishi kujisifu. Akawa anacheza peke yake, mkono wa kulia unamshinda wa kushoto. Siku moja mama yako yuko jikoni anachambua mchicha, akaniita taratibu: "Mama, mwambie baba asogeze tai, asisogeze mchawi." Mama yako si ndiye aliyewapigieni msasa masanamu yote yale mkiwa Keko? Anaujua mchezo kuliko nyie. Nikamwambia babu yako. Akasogeza tai. Akauliza, "Nani kasema?" Nikamwambia ukuta.

Kwetu unakujua. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso, hawasemeshani, hawapishani mlango mmoja. Mlipokuwa mnakaa Keko haikuwa taabu, tulionana misibani na Krismasi. Tangu mwenye nyumba wenu auze nyumba yake mkaja kwangu, ni paa moja na pazia moja. Basi baba yako akachonga ubao wa pili. Babu yako anakaa sebuleni na ubao wake, mama yako koridoni na wake, pazia katikati, na mimi ndiye ninayepeleka habari. Joka limesogea mbele. Tai karudi nyuma. Mama yako akisogeza, nami naenda kusogeza upande wa pili. Kila Jumapili baada ya kanisa, mimi na magoti yangu haya.

Jumapili iliyopita joka la babu yako limebakiwa na kijiti kimoja cha roho, kikitoka limekufa, na mlinzi wa mama yako hali kadhalika. Babu yako akasema, "Napiga," akatupa dadu, ikaja sita, imepata. Nikaenda koridoni kusema. Mama yako akaninong'oneza, "Najibu!" Akatupa yake, sita. Amelipiga joka, limekufa. Narudi sebuleni, nakuta babu yako keshang'oa kijiti cha mlinzi na kumlaza kwenye kopo. Nikamwambia, mwenzio amejibu. Akasema, "Aliyekufa hajibu."

Tangu siku hiyo ubao wa sebuleni mlinzi amekufa na joka linatamba, na ubao wa koridoni joka limekufa na mlinzi yuko hai. Hakuna anayekubali kugusa. Nimetafuta ile karatasi yako ya sheria. Umeandika, "Aliyepigwa ana haki ya kujibu." Ajibu lini? Hukusema! Umefika kidato cha tano unaandika sheria isiyo na wakati. Andika upesi.

Bibi yako,
Atuganile


Shuleni, Mufindi,
8 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mwambie na babu shikamoo, na mama, na baba akija Jumamosi. Huku baridi inaingia mpaka kwenye soksi. Maharage yapo kila siku, yana afya kuliko sisi. Masomo yanakwenda, fizikia ndiyo inayonisumbua kidogo, usimwambie baba.

Bibi, nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani nimekosea. Mama anacheza na babu? Mama yangu mimi? Nikamsomea rafiki yangu Cyprian, akacheka mpaka akaanguka kitandani, maana ni Mhaya, hajui mambo yetu. Mimi sikucheka sana. Nakumbuka pale Keko, babu akija, mama alivyokuwa anatokea mlango wa nyuma na kukaa kwa jirani mpaka jioni, chakula ameshakipika.

Haya, ishu yenyewe. Kosa ni langu. Sie tulipokuwa tunacheza mimi na baba tulikuwa tunatazamana, kwa hiyo hatukuona haja ya kuandika wakati. Sheria iwe hivi: kujibu kunatangulia kung'oa. Mpigaji akishatupa dadu, anatulia. Aliyepigwa akisema "Najibu", naye anatupa, halafu vijiti vya pande zote vinang'olewa kwa pamoja. Hata mlinzi mwenye kijiti cha mwisho anajibu kwanza, ndipo anakufa. Lakini akinyamaza mpaka kijiti kimetoka, imekwisha, hana tena nafasi.

Nadhani hapo nimemaliza ugomvi. Mwambie mama aniandikie hata mistari miwili.

Mjukuu wako,
Brightson


Chanika,
Jumapili, 29 Septemba 2024

Brightson,

Hatujambo hivyo hivyo. Kuku mwekundu ametotoa, na mwewe amekwisha kuchukua kifaranga kimoja, nimemtupia kandambili nikamkosa. Babu yako mguu umepungua ila ulimi umeongezeka. Mama yako hajambo. Fizikia sikumwambia baba yako, nimemwambia babu yako, kwa hiyo ni kitu kile kile.

Umemaliza ugomvi, unasema. Umemaliza wapi! Barua yako ilipitia sanduku la posta la kanisa, nikaichukua, nikasimama pale penye pazia nikaisoma kwa sauti pande zote mbili zisikie. Kumbe ningeifungia maandazi.

Babu yako akasema, "Safi kabisa. Mimi niling'oa kabla sijasikia jibu lolote. Nimeshinda."

Mama yako akaniambia, "Mama, mwambie baba mimi nilisema najibu kabla yeye hajang'oa. Sheria iko upande wangu."

Na wote wanasema kweli! Yeye alisema koridoni, huyu hakusikia sebuleni. Nurdin alikuwa mlangoni na kikombe chake, akadakia, "Bi Atuganile, kosa ni la tarishi. Kwetu Newala tarishi akichelewa anapewa fimbo." Nikamwambia kwenu Newala mnakula panya, asinifundishe kazi. Akaenda zake anacheka, na kikombe changu.

Sasa amua tena. Neno linahesabiwa likitoka kinywani au likifika sikioni? Chagua moja. Lakini chagua na akili, maana mmoja ni mama yako na mwingine ndiye mwenye nyumba.

Mbao zile bado zinagombana. Babu yako wa kwake anaufuta vumbi kila asubuhi asimguse mtu. Mama yako wa kwake ameufunika kanga. Hachezi, anapika, anafua, anaitikia "Ndiyo mama", basi. Jumamosi alikwenda Keko na baba yako kuangalia tu. Mvua za vuli bado. Mama yako hajambo.

Bibi yako


Shuleni, Mufindi,
20 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini kwa mwalimu wa zamu wiki nzima, nimeipata jana. Poleni na mwewe. Huku wazima, mtihani wa mwezi nimepita, hata ile uliyomwambia babu.

Bibi, umeandika "mama yako hajambo" mara mbili kwenye karatasi moja. Nakujua. Mtu akiwa hajambo kweli huwa unamsema vibaya. Amekwenda Keko kuangalia nini? Mama hajaniandikia hata mstari. Kuna nini hapo nyumbani?

Na lingine, usinikasirikie. Kutoka sebuleni mpaka koridoni ni pazia tu. Mama hutupa dadu pale pale, hafikirii, namjua. Babu akakaa mpaka akachoka kusubiri na kung'oa kijiti? Bibi, siku ile ulipitia wapi?

Nimekaa na swali lako la kinywani na sikioni mpaka prepo ya usiku ikaisha. Nikisema kinywani, babu atakuwa anachezea kitu asichokijua. Nikisema sikioni, mama anaweza kusema siku nzima na bado akaambiwa hakusema. Hakuna iliyo sawa. Cyprian ndiye aliyenishtua. Akaniuliza, "Kwani anayepiga haulizi?" Kweli, hatukuandika kwamba anauliza.

Kwa hiyo sheria mpya hii hapa, nimeipigia mstari:

Mpigaji haruhusiwi kugusa kijiti mpaka amuulize mwenzake, "Unajibu?" na asikie ndiyo au hapana. Aulize kwa kinywa chake. Ajibiwe kwa kinywa cha aliyepigwa. Mjumbe hafai.

Najua nilichoandika, bibi. Usiniambie sijui kwetu. Kusema siyo kuonana, pazia libaki pale pale.

Tunafunga shule katikati ya Desemba. Nimekaa na baba na mama tu Keko, nimekaa nanyi wote Chanika, na Chanika ni bora, sijawahi kukuambia. Nikishuka kwenye basi nishukie wapi? Naomba unijibu hilo tu, hata kama mengine yote utayaruka.

Brightson


Chanika,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Brightson,

Salamu nitazitoa mwisho, nikizikumbuka.

Unaniuliza mimi nilipitia wapi? Mimi? Nilipitia jikoni nikaonja mchuzi! Mchuzi ulikuwa peke yake motoni, mama yako kainamia ubao wake hana habari. Mchuzi unaungua, nyie mnasubiri dadu! Nikakoroga, nikatia chumvi, nikapuliza moto, nikarudi. Kama babu yako hana subira ya mtu kukoroga chungu, hilo nalo ni kosa langu?

Halafu unataka baba mkwe amuulize mkamwana, mkamwana amjibu baba mkwe, kwa vinywa vyao. Umepata baridi ya kichwa huko. Nikueleze kitu. Mimi nilipoolewa Rungwe, nikisikia kikohozi cha baba mkwe wangu njiani, naingia migombani na mtungi wangu kichwani, nainama mpaka apite. Mvua ikinyesha, nanyeshewa. Nimempikia, nimemfulia, nimemlimia. Hakuwahi kunitaja jina. Uso wake niliuona siku alipolazwa kwenye jeneza, nikashangaa, kumbe babu yako amefanana naye pua. Hiyo ndiyo heshima. Sikufa. Kwa nini mama yako ashindwe, ambaye ana pazia la maua na bomba la maji uani?

Nimeandika hapo juu nikaacha kalamu, nikaenda kufungia vifaranga, nimerudi. Nimekasirika hata sijui nimemkasirikia nani.

Basi chukua na hili, kwa kuwa umelitaka. Mama yako amepata chumba Keko, karibu na karakana ya baba yako. Kirikuu kinakuja kuchukua vitu mwisho wa mwezi. Babu yako hajui, na mimi sikukuandikia kwa sababu mtoto wa shule anasoma vitabu, hasomi habari za watu kuhama. Sasa umejua, soma vitabu.

Nilimuuliza mama yako, ni kwa ajili ya kijiti? Mtu mzima anahama nyumba kwa kijiti? Akasema, "Mama, siyo kijiti. Siku zile za mchezo nilikuwa naamka nimefurahi, nasema leo nitaongea na baba. Sasa nimejua nilikuwa naongea na pazia. Bora nikae kwangu kwenye chumba kimoja, neno langu lifike." Nikamwambia aangalie moto.

Sheria yako sijaisoma kwa mtu. Iko chini ya godoro langu na itakaa huko. Hapa kwangu mimi ndiye ninayepeleka maneno, na maneno yamefika siku zote.

Swali lako la basi sina jibu lake. Msalimie huyo Cyprian, mwambie asitie mdomo kwenye nyumba za watu.

Atuganile


Chanika,
Jumapili, 1 Desemba 2024

Mume wangu mdogo,

Sisi wazima, na safari hii nasema kweli, kwa hiyo soma taratibu. Mwewe amechukua cha pili. Vuli imeanza kwa hasira, njia ya kwetu imekuwa tope mpaka watu wanavua viatu.

Kirikuu kilikuja jana asubuhi. Dereva kijana mmoja anaitwa Fakihi, mwembamba kama kijiti cha mchezo wenu. Baba yako akatoa godoro, akatoa na sufuria za mama yako. Hapo mvua ikashuka, siyo ya mchezo. Godoro likarudishwa ndani mbio, Fakihi akaingia na matope yake akakaa sebuleni kwangu akisubiri ipungue. Nurdin naye akaja, maana akiona gari anadhani kuna ubwabwa.

Babu yako akalitazama godoro. Akaniuliza, "Nani anahama?"

Nikasema, "Mkamwana wako."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi kinywani, Brightson. Nimempelekea maneno mzee yule tangu siku mama yako alipoingia kwetu, na mengine, nikuambie wewe tu, nilikuwa nayapunguza njiani, mengine naongeza chumvi. Jana yakakataa kutoka. Nikasema, "Muulize mwenyewe."

Akanitazama kama nimetukana. Nikaenda chumbani nikainua godoro langu, nikaleta barua yako, nikamsomea ile uliyoipigia mstari. Naisoma, upande wa pili wa pazia sufuria zimeacha kugongana. Nilipomaliza akasema, "Mtoto kaandika hivyo?" Nikasema kaandika hivyo. Nurdin akakohoa, nikamkata jicho.

Halafu babu yako akasema, "Leta ubao wangu hapa chini ya pazia." Tukauweka mlangoni, nusu sebuleni, nusu koridoni, pazia likaulalia katikati kama shuka. Akamtoa mlinzi kwenye kopo, akamchomekea kijiti chake, akamsimamisha mahali pake. Akasema, bila kumtaja mtu, "Turudie pale pale." Nikaona mkono wa mama yako umetokea chini ya pazia, una unga wa ngano, unakiweka sawa kijiti cha mlinzi. Babu yako akageuza uso ukutani. Lakini mkono alikuwa ameshauona.

Akasema, "Napiga." Sita tena! Mzee yule ana bahati ya wezi.

Akaweka vidole kwenye kijiti. Mimi nikasimama nikitaka kwenda kusema koridoni, mazoea. Baba yako akanishika kanga. "Kaa, mama." Nikakaa. Mvua inapiga bati, Fakihi kaacha mdomo wazi hajui hata anaangalia nini. Babu yako vidole viko pale pale. Akavitoa. Akavirudisha. Nikadhani atang'oa.

Akauambia ukuta, "Unajibu?"

Nikasikia mtu koridoni anapenga kamasi. Kisha mama yako akasema, siyo kwa kunong'ona, kwa sauti ile anayokuitia wewe ukiwa mbali, "Najibu, baba."

Dadu ikagonga ubao. Mbili.

Amekosa! Baada ya vita yote ile, mbili! Mlinzi kafa kihalali, joka zima. Nurdin akapiga kelele, "Aaah, shemeji!" Na koridoni nikasikia mama yako anacheka, anacheka huku analia, na babu yako bega linamtikisika, kaelekea ukutani, anadhani hatumwoni. Akang'oa kijiti mwenyewe, taratibu, akasema, "Alijibu. Nimesikia."

Fakihi alikula ugali wetu akaondoka na gari tupu. Baba yako bado anasema chumba cha Keko kipo, wataona. Mama yako amekunjua godoro. Jioni nikiwa uani nikamsikia babu yako analiuliza pazia kama mvua imeingia jikoni, na pazia likamjibu imeingia kidogo tu, baba.

Jana hiyo hiyo nililala mapema, ila sikulala. Nilikuwa sina cha kupeleka. Nimezoea kuwa njia, na njia ikiota majani hujui ufanye nini na miguu yako. Halafu nikafikiria migomba ya Rungwe. Halafu nikamwangalia babu yako anavyokoroma, mtu niliyezaa naye watoto sita, nikakasirika upya.

Kwa hiyo sikiliza. Ukishuka kwenye basi, shukia Chanika. Usilete zawadi, lete viazi vya huko na matokeo yako. Mwambie baba yako achonge masanamu ya upande wangu, joka liwe kubwa kuliko la mwenzangu. Nitajifunza. Nataka nikae mbele ya babu yako, hakuna pazia, anipige atakavyo, na vidole vyake vikifika kwenye kijiti changu aniulize kwanza. Miaka yote hii ya ndoa amenipiga maneno akang'oa na kijiti hapo hapo, hajawahi kuuliza kama najibu.

Na nina majibu, mjukuu wangu. Njoo uyasikie.

Mkeo,
Atuganile